Shamba Linaloshika Maji: Jinsi ya Kuutambua Udongo Wenye Mfinyanzi Chini

Mvua za masika zinapokolea mwezi wa Aprili, kuna mashamba katika Kinangop, Ol Kalou na Ol Joro Orok ambayo hujaa vidimbwi ingawa yako kwenye uwanda wa juu, mbali na mto. Viazi vilivyoota vizuri huanza kubadilika rangi kuanzia majani ya chini. Mkulima huona umanjano, hukumbuka alivyofundishwa kuhusu upungufu wa naitrojeni, kisha huenda dukani kununua mfuko mwingine wa CAN. Wiki mbili baadaye majani yangali ya manjano na pesa zimekwisha.

Mara nyingi tatizo katika shamba kama hilo si uhaba wa mbolea. Ni maji yaliyokosa njia ya kuondoka. Mizizi hupumua kama viumbe vingine, na inapozama kwenye maji yaliyotuama hukosa oksijeni. Mzizi usiopumua hauwezi kunyonya chakula hata kikiwa kando yake. Isitoshe, vijidudu vya udongoni vinapokosa hewa huanza kutumia naitreti ya mbolea badala ya oksijeni, na naitrojeni hiyo hugeuka gesi na kupotea angani. Kwa hivyo mkulima anayeongeza mbolea juu ya udongo uliofurika hupoteza sehemu ya fedha zake hewani, na nyingine huchukuliwa na maji hadi mtoni.

Udongo unaosumbua sehemu kubwa ya uwanda huu wataalamu huuita planosoli, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya tambarare. Sifa yake kuu haionekani kwa anayetazama juu. Tabaka la kwanza ni udongo laini, mweusi au wa kahawia, unaolimika bila shida. Chini yake kuna tabaka lililopauka, la kijivu au karibu jeupe, ambalo likikauka huwa gumu na likilowa huwa kama uji. Kisha ghafla, bila mchanganyiko wa polepole, jembe hugonga mfinyanzi mzito. Mpaka huo huwa wazi kiasi kwamba mtu anaweza kuuonyesha kwa kidole kwenye ukuta wa shimo.

Mvua ikinyesha, maji hushuka upesi hadi kwenye mfinyanzi na kukwama hapo. Tabaka la juu hujaa kama sufuria, na kama ardhi haina mteremko, maji hubaki. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba shamba hilohilo lililozama mwezi wa Mei ndilo hukauka mapema kuliko ya majirani ifikapo Januari. Sababu ni ileile moja. Maji hayakuingia chini kuwekwa akiba, na mizizi haikuweza kupenya mfinyanzi kuyatafuta. Anayelalamikia mafuriko na ukame katika ekari moja, mwaka mmoja, hajachanganyikiwa.

Rangi iliyopauka ina maelezo yake. Wekundu na ukahawia wa udongo hutokana na chuma kilichoshika kutu, na kutu huhitaji hewa. Udongo unapokaa majini kwa muda mrefu, chuma hicho hubadilika, huyeyuka na kuondoka pamoja na maji, na kinachobaki ni kijivu. Pale ambapo maji huja na kuondoka kwa misimu, chuma hujikusanya hapa na pale kikawa madoa ya rangi ya chungwa au vijiwe vidogo vyeusi. Kwa hivyo udongo wenye madoadoa ya kutu ndani ya kijivu unamweleza mkulima kwamba maji hufika kina hicho kila mwaka, hata kama siku anayochimba ni kavu kabisa.

Wenzetu wa nchi za baridi

Nyandarua haiko peke yake katika tatizo hili. Katika majimbo ya Iowa na Illinois nchini Marekani, mamilioni ya ekari zinazolimwa mahindi na soya zilikuwa vinamasi na nyasi ndefu hadi karne ya 19. Kule chanzo si volkano. Maelfu ya miaka iliyopita, mapande makubwa ya barafu yalisukumwa kutoka kaskazini, yakasaga miamba njiani, na yalipoyeyuka yakaacha mchanganyiko wa mfinyanzi, mchanga na mawe juu ya ardhi tambarare yenye mabonde madogo yasiyo na mlango wa kutokea. Mkenya aliyepanda Mlima Kenya kupitia bonde la Teleki ameona vifusi vya aina hiyo vilivyoachwa na barafu, ila huko juu hakuna anayelima.

Udongo wa Illinois unaojulikana zaidi huitwa Drummer, na jimbo hilo limeutangaza kuwa udongo wake rasmi, kama vile nchi inavyoweza kuwa na ndege wake. Tabaka lake la juu ni jeusi na nene, kwa kuwa mizizi ya nyasi iliyokufa majini huoza polepole sana na kurundikana. Chini yake kuna kijivu chenye madoadoa, dalili zilezile zinazoonekana Kinangop. Ukiachwa kama ulivyo, udongo huo hauzai mahindi ya maana. Ukitolewa maji, ni miongoni mwa bora duniani.

Aliyeanzisha dawa yake Marekani alikuwa John Johnston, mkulima mzaliwa wa Scotland, aliyefukia mabomba ya udongo wa kuchomwa katika shamba lake karibu na Geneva, jimbo la New York, mwaka 1838. Majirani walimcheka kwa kuzika vyombo vya udongo ardhini, hadi walipoona ngano yake. Mabomba hayo, ambayo leo ni ya plastiki yenye matundu, yalisambaa kote kwenye mashamba ya udongo wa barafu.

Lakini kuna upande wa pili ambao wakazi wa Nyandarua wanafaa kuusikia. Mabomba yanayotoa maji hubeba pia naitreti kutoka mashambani hadi mitoni. Jiji la Des Moines, Iowa, limelazimika kujenga mtambo wa kuondoa naitreti kwenye maji ya kunywa, na mbolea inayofika Ghuba ya Mexico kupitia mto Mississippi hulisha mwani ambao ukioza humaliza oksijeni na kuwakosesha samaki pumzi. Mto Malewa unatoka milima ya Aberdare na kuishia Ziwa Naivasha. Kinachomwagwa katika mtaro wa Kinangop kina anwani kule chini.

Mkulima wa Nyandarua pia asikimbilie mabomba. Mfinyanzi wetu ni mzito mno. Maji hupita ndani yake kwa shida, na mabomba yangelazimika kupangwa karibu karibu kwa gharama isiyolipwa na viazi. Hapa maji hushughulikiwa juu ya mfinyanzi, si ndani yake.

Kuchunguza shamba kwa jembe na ndoo

Uchunguzi hauhitaji mashine. Wakati wa mvua, mkulima achimbe shimo la kina cha futi 2 mahali pale panaposumbua, na jingine mahali pazuri, apate kulinganisha. Atazame ukuta wa shimo. Je, kuna tabaka lililopauka? Madoa ya kutu yanaanzia kina gani? Mfinyanzi uko wapi? Kina cha mfinyanzi hutofautiana hata ndani ya ekari moja, kwa hivyo shimo moja halitoshi kuamua.

Aangalie mizizi ya mimea. Iliyofika chini na kupinda kulia au kushoto kama iliyogonga sakafu, imegonga sakafu kweli. Anuse pia: harufu ya yai bovu ina maana kwamba hewa imekwisha kabisa. Halafu ajaze shimo maji kwa ndoo, ayaache yaishe, ajaze tena na kupima kwa fimbo. Maji yakishuka chini ya inchi 1 kwa saa, udongo huo unahesabiwa kuwa haupitishi maji vizuri. Yakibaki hadi kesho yake, hapana haja ya fimbo.

Magugu nayo hutoa ushahidi. Ndago zikitawala kona moja, na nyasi zinazoota kwa mafungu magumu ambayo ng'ombe huyaacha, kona hiyo hukaa na maji. Kwa mfugaji, alama hizo zina uzito zaidi. Konokono wadogo wa maeneo yenye maji ndio hubeba minyoo ya ini inayoshambulia ng'ombe na kondoo, na kwato zinazokaa kwenye matope huoza kwa urahisi. Kondoo wanaokonda wakiwa na malisho tele wapelekewe daktari wa mifugo, na aelezwe wanalishia wapi.

Ipo hali inayofanana na hii ambayo mkulima amejitengenezea mwenyewe. Trekta ikilima kila msimu kwa kina kilekile, hasa udongo ukiwa umelowa, hugandamiza tabaka gumu chini ya jembe. Tabaka hilo ni jembamba, na chini yake udongo ni mzuri. Hilo huvunjwa kwa jembe la meno au kwa trekta yenye ncha ndefu wakati wa kiangazi, udongo ukiwa umekauka. Lakini kuuvunja mfinyanzi wa planosoli kwa njia hiyo ni kazi ya kurudia kila mara, kwa kuwa hulowa na kujifunga tena. Ndiyo sababu shimo huchimbwa kabla ya kukodi trekta.

Yanayoweza kufanywa

Hatua ya kwanza ni kuzuia maji yasiyo ya shamba hilo. Mtaro wa kukinga maji uchimbwe upande wa juu, ukiwa na mteremko mdogo tu. Ukiwa mkali utageuka korongo ndani ya misimu michache. Maji ya paa na ya barabara mara nyingi ndiyo huongeza tatizo, na ni rahisi kuyaelekeza kwingine kuliko kuyatoa yakishaingia.

Ya pili ni kuinua mimea. Viazi hupandwa kwenye matuta hata hivyo, lakini katika udongo huu matuta yawe marefu kwenda juu na yaelekee upande ambako maji yatatoka polepole, badala ya kuyafunga. Kwa kabichi, karoti na minji, vitanda vipana vilivyoinuliwa vyenye mifereji kati yake husaidia. Kila sentimita inayoongezwa juu ya mfinyanzi ni nafasi ya mzizi kupumua. Samadi iliyooza vizuri huufanya udongo wa juu ushikamane kwa chembe na kuacha vipenyo vya hewa. Udongo usiguswe ukiwa umelowa: ukifinyangwa mkononi ukatoa uzi kama wa mfinyanzi, siku hiyo si ya kulima.

Hatua nyingine ni kuchagua kinachopandwa. Maparachichi, ambayo wengi wamevutiwa nayo kwa sababu ya soko la nje, hayavumilii miguu yenye maji hata kidogo. Mizizi yake huoza na mti hufa ukiwa tayari umegharimu miaka kadhaa. Mtu asinunue mche kabla ya kuchimba shimo. Kwa viazi, maji yanayotiririka kutoka shamba moja hadi jingine hubeba pia mnyauko bakteria, ugonjwa usio na dawa ya kunyunyiza. Kona isiyotibika inaweza kupandwa nduma pale baridi inaporuhusu, au ikabaki malisho ya kiangazi.

Ushauri wa kuacha kona hauwi rahisi kwa kila mtu. Mashamba haya mengi yalikatwa kutoka kwa mashamba makubwa ya walowezi kuanzia miaka ya 1960, na mlowezi mwenye mamia ya ekari aliweza kuachia kondoo sehemu yenye maji. Familia yenye ekari 2 zilizogawanywa kwa ndugu watatu haina anasa hiyo. Hapo matuta na mitaro ndiyo njia iliyobaki, na ni kazi ya mikono.

Maji yatoke yaende wapi? Swali hili huleta ugomvi mwingi kuliko lingine lolote, kwa kuwa mtaro wa mmoja huishia kwa mwingine. Majirani wakikaa pamoja kabla ya kuchimba na kukubaliana juu ya njia moja hadi kwenye kijito, gharama hugawanyika. Maji yasielekezwe barabarani. Na kinamasi chenyewe si shamba lililoharibika: kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira ya mwaka 1999 kinakataza kukausha mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini ya maandishi kutoka NEMA. Maeneo yanayozunguka Ziwa Ol Bolossat, chanzo cha mto Ewaso Narok, yamo katika kundi hilo. Nyasi za mafungu za Kinangop nazo ni makao ya ndege wa manjano anayepatikana Kenya pekee, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei.

Anayetaka kupimiwa udongo achukue sampuli kabla ya msimu wa kupanda, kutoka sehemu 10 hivi kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, azichanganye kwenye ndoo safi na kubakisha nusu kilo. Kona inayoshika maji ichukuliwe sampuli yake peke yake, isichanganywe na nyingine. KALRO ina kituo Ol Joro Orok, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kumwelekeza mkulima na pia kufika kutazama shimo lililochimbwa, mradi lisifukiwe kabla hajafika, na liwekewe uzio watoto na ndama wasije wakatumbukia.