Baiskeli ya Gia Zisizo na Ngazi: Panga Biashara Kuanzia Mlimani

Wengi wanaotaka kuanzisha kampuni ya kuunda baiskeli zenye gia zisizo na ngazi huanza na mchoro wa gia. Anza na mlima. Ni mlima upi, mzigo gani, na nani atakayelipa?

Gia zenyewe ni kazi nzuri ya uhandisi. Ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, mna gololi kubwa za chuma zilizobanwa kati ya pete mbili. Pete moja hupokea nguvu ya mnyororo, nyingine huipeleka kwenye gurudumu. Ukizungusha mshiko kwenye usukani, mihimili ya gololi huinama na mwendo hubadilika bila kuruka kutoka gia hadi gia. Unaweza kubadili hata ukiwa umesimama, jambo ambalo mwenye mzigo mzito kwenye keria hulithamini sana.

Sasa piga hesabu kabla ya kununua chochote. Chukua muuza maziwa wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Yeye, baiskeli na madumu ni kilo 175, na barabara inapanda mita 6 kwa kila mita 100. Kupandisha uzito huo kunataka nguvu ya takriban nyutoni 120, ukijumlisha msuguano wa tairi. Chukua habu yenye uwiano wa 0.5 hadi 1.9, meno 40 mbele na 20 nyuma, na gurudumu la inchi 26. Kwenye gia nyepesi kabisa, kila mzunguko wa pedali unasogeza baiskeli mita 2.07. Akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika atakwenda kilomita 7.5 kwa saa, na miguu yake italazimika kutoa karibu wati 250. Mtu wa kawaida mwenye afya hutoa takriban wati 100 kwa saa nzima. Na hapo hatujahesabu nguvu inayopotelea ndani ya habu, ambayo ni nyingi kuliko ile inayopotea kwenye mnyororo wa kawaida uliotunzwa.

Maana yake, kwa mteja huyu gia peke yake haitoshi. Ama upunguze mzigo, ama uweke mota kwenye pedali, ili nguvu ya mota nayo ipite kwenye gia. Kwa maoni yangu mahali pa kweli pa gia hizi ni baiskeli ya mizigo yenye mota, katika mji wa milima. Hata hivyo, usipunguze meno ya mbele kiholela ili kupata wepesi zaidi: watengenezaji wa habu huweka kiwango cha chini cha uwiano wa meno na uzito wa juu wa mzigo. Ukivuka hapo, waranti inakufa.

Usijaribu kuunda habu mwenyewe. Fallbrook Technologies ya Marekani, iliyoleta habu ya NuVinci sokoni, ilikuwa na mamia ya hataza na mikataba na kampuni kubwa za sekta ya magari, lakini mwaka 2018 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Baada ya kujipanga upya, gia zake za baiskeli zinauzwa kwa jina la enviolo. Nunua habu iliyokwisha kamilika, nawe uunde kile usichoweza kuagiza dukani: fremu inayobeba madumu bila kuyumba, keria, stendi isiyozama kwenye tope, na breki za kumshusha mtu salama na mzigo wake. Mafundi wa kuchomelea chuma unao. Vipimo vya fremu, uma na breki za baiskeli ya kawaida vimo kwenye viwango vya ISO 4210, ingawa havikuandikwa kwa ajili ya baiskeli za mizigo; ukiwa Tanzania uliza TBS, shirika la viwango, mapema kuhusu baiskeli yako ya mizigo yenye mota. Kampuni isajili kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ambako pia utauliza hataza zipi zina nguvu nchini.

Bei ndiyo itakayokuchagulia mteja. Habu moja ya namna hii inaizidi bei baiskeli nzima ya kawaida inayouzwa madukani kwetu, kwa hiyo mchuuzi mmoja mmoja hataimudu. Tafuta mwenye baiskeli nyingi anayeumia kazi ikisimama: chama cha wafugaji, kampuni ya kusambaza vifurushi, hoteli ya watalii. Mwonyeshe pia mshindani wako kwa uaminifu. Shirika la World Bicycle Relief lilipoongezea baiskeli yake ya Buffalo gia, lilichagua minyororo miwili na mwendo wa aina mbili tu, na mwendeshaji hubadili kwa kukanyaga nyuma kidogo. Fundi wa kijijini anauelewa mfumo huo kwa kuutazama. Kama mteja wako anatosheka na huo, mwache aende nao.

Habu iliyofungwa haiingii vumbi, na mnyororo unaokaa sawa unaweza kufunikwa wote. Lakini miongoni mwa mafundi wa chini ya mwembe hakuna wa kuifungua ikiharibika. Kwa hiyo, kabla ya kuuza, mpelekee fundi wa mtaani baiskeli yenye pancha ya nyuma. Usimwelekeze. Akishindwa kuachanisha waya za gia ili atoe gurudumu, kisha kuzirudisha, rekebisha muundo au umfundishe, maana pancha ndiyo itakayompata kila mteja.

Katika mpango wa fedha, tenga habu za akiba tangu shehena ya kwanza, kwa kuwa vipuri huagizwa kutoka mbali na hulipiwa kabla havijafika. Dai malipo ya awali yanayofika angalau gharama ya habu. Andika kwenye mkataba uzito wa juu wa mzigo, nani anabadilisha gurudumu, na ndani ya siku ngapi, kisha pachika uzito huo kwenye fremu kwa herufi kubwa, pale mpakiaji anapouona.