SOMO LA MEKANIKA: GUJONI ZA GURUDUMU LA NYUMA



Mara nyingi tunaona gari inapita na ekru nne mahali pa sita. Shofere anasema: «Haina neno, zile zingine zinashika.» Leo tutaona sababu gani maneno haya ni ya hatari, na namna ya kubadilisha gujoni iliyovunjika kwa gari yenye tamburi nyuma, kama Toyota Hilux.

1. Kazi ya gujoni

Wengi wanafikiri ya kama gujoni ndiyo inabeba uzito wa gari. Sivyo. Tukikaza ekru, gujoni inavutika kidogo sana, nayo inabana janti juu ya tamburi. Ule mbano ndio unabeba. Ekru ikilegea, janti inacheza. Kwa kila mzunguko gujoni inapindwa kidogo, mpaka chuma kinachoka na kupasuka. Moja ikivunjika, jirani zake zinachukua kazi yake, nazo zinaanza kuchoka. Basi gari inayoshuka Ngomo, kwa njia ya Bukavu na Uvira, na gujoni nne, pengine haina hata nne nzima.

Tazama mahali pa kuvunjika. Sehemu nyeusi au yenye kutu ni ufa wa zamani. Sehemu inayong'aa ndiyo iliyokatika mwisho. Ukiona ufa wa zamani, badilisha zote sita.

2. Kutoa ile ya zamani

a) Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa. Legeza ekru kidogo wakati gurudumu iko chini.
b) Inua gari kwa kriki, kisha weka gogo la mti mgumu chini ya ponto. Usitumie matofali: yanapasuka bila kukuonya. Usitegemee kriki peke yake.
c) Ondoa gurudumu, fungua freni ya mkono, toa vitesi, vuta tamburi. Ikikataa, gonga pembeni polepole. Vumbi la freni usilipulize, maana garnitire za zamani ziko na amianti inayoharibu mapafu. Safisha kwa kitambaa chenye maji.
d) Zungusha ekseli mpaka gujoni ifike mahali penye nafasi nyuma. Igonge kutoka nje kwenda ndani. Nyundo nzito sana inaumiza rulema.

3. Kuingiza mpya

Gujoni mpya iwe sawa na ya zamani kwa unene, urefu, filete na yale meno ya shingoni. Ipitishe kutoka nyuma, weka rondele kadhaa nene, kisha ekru. Kaza polepole: ekru itaivuta mpaka kichwa kilale sawasawa juu ya sahani ya ekseli. Kama inazunguka ndani ya tundu, sahani imelika. Hapana kuunganisha kwa suda! Moto unaharibu ugumu wa chuma.

4. Kukaza gurudumu

Ondoa kutu na matope kati ya janti na tamburi. Upande wa ekru wenye umbo la koni uelekee janti. Filete ikae kavu. Ukitia mafuta, nguvu ileile itavuta gujoni kupita kiasi. Kaza kwa kukabilisha: 1 na 4, 2 na 5, 3 na 6. Kwanza kidogo, kisha, gurudumu ikiisha kugusa chini, kabisa. Baada ya kilometa 50 hivi, kaza tena.

Kwa malori fulani, gujoni za kushoto zinakazwa kinyume. Tafuta herufi L kwenye gujoni kabla ya kuvuta kle.

5. Hesabu

Gujoni ya milimita 12 inataka Nm 110 hivi. Kwa kle ya m 0,5 tunahitaji: 110 : 0,5 = N 220, kama uzito wa kilo 22. Mkono unatosha. Lakini mtu wa kilo 70 akisimama mwisho wa tiyo ya m 1,5, anatia: 700 × 1,5 = Nm 1050. Ni karibu mara kumi! Yeye anafikiri amekaza vizuri, kumbe ameanza kuivunja.

Maulizo

1. Sababu gani ekru iliyolegea inavunja gujoni?
2. Kle yako iko na m 0,4. Utasukuma kwa N ngapi kupata Nm 110?
3. Shofere anakuomba uunganishe gujoni kwa suda kwa sababu anaharakisha. Utamjibu nini?