Mlango wa Shule Huko Afghanistani

Muhula uliopita, katika mdahalo wa darasa letu, zilitajwa habari za wasichana wa Afghanistani waliokatazwa shule. Mimi nilisimama nikasema, "Hiyo ni desturi yao ya tangu zamani, sisi tutafanyaje?" Wenzangu wakapiga makofi. Mwalimu wetu wa historia hakunikemea, bali alinituma nikatafute desturi hiyo ilianza lini. Nimetafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Afghanistani ni nchi ya milima mirefu katika Asia, isiyo na bahari, na mji wake mkuu ni Kabul. Mwaka 1921, zama za Mfalme Amanullah na Malkia Soraya, shule ya wasichana ilifunguliwa mjini humo. Baadaye wasichana kadha wa kadha walipelekwa Uturuki kusoma. Mfalme alipopoteza kiti chake mwaka 1929, shule zikafungwa na wale wa Uturuki wakaitwa warudi. Miaka ikapita, zikafunguliwa tena. Katiba ya mwaka 1964 iliwapa wanawake haki ya kupiga kura, na mwaka uliofuata Bibi Kubra Noorzai akawa Waziri wa Afya. Hesabuni wenyewe, wasomaji: wakati huo Rwanda yetu ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru. Ni kweli kwamba vijijini wasichana wengi hawakuiona shule hata katika siku hizo. Lakini desturi niliyoitaja mdahaloni iko wapi?

Taliban waliuteka Kabul mwaka 1996, na mlango ukafungwa mara ya pili. Hapo nimesoma jambo lililonishangaza sana. Katika mji wa Herat wanawake walikuwa wakienda na mifuko yao kwenye darasa la ushonaji, maana kushona hakukukatazwa. Juu ya mfuko kulikuwa na kitambaa na mkasi. Chini yake daftari na kalamu. Ndani ya nyumba hiyo mwalimu wa chuo kikuu aliwafundisha fasihi, na nje watoto walicheza huku wakilinda njia. Askari akionekana, mtoto huingia, vitabu hufichwa, na sindano hushikwa. Mimi hulalamika kengele ya maktaba ikilia mapema.

Baada ya mwaka 2001 shule zilifunguliwa. Agosti 2021 Taliban wakarudi. Tarehe 23 Machi 2022 wasichana wa sekondari waliambiwa waje. Wakavaa sare, wakaketi madarasani, na baada ya saa chache wakaamriwa kwenda nyumbani. Wengi walitoka wakilia. Desemba mwaka huo vyuo vikuu navyo vikafungwa kwao. Tena mwanamke asisafiri zaidi ya kilometa 72 bila mwanamume wa jamaa yake. Kwa kipimo hicho mama yangu asingeweza kwenda peke yake kutoka Kigali mpaka Huye. Desemba 2024 yakazuiwa hata mafunzo ya uuguzi na ukunga, na huko wanawake wengi hutibiwa na wanawake wenzao tu. Sijui waliotoa amri hiyo wanataka wake zao wazalishwe na nani.

Wala tusiseme ni Uislamu. Nchi nyingine zote za Waislamu wasichana husoma sekondari.

Jirani zetu wamo humu humu. Agosti 2021 shule ya bweni ya wasichana kutoka Kabul, iliyoanzishwa na Bibi Shabana Basij-Rasikh, ilihamia Rwanda; wanafunzi, walimu na jamaa zao walikaribia watu 250. Kabla ya kuondoka alizichoma hati za wanafunzi wake, ili majina yao yasiwaponze wao na wazazi wao.

Dada yangu mdogo amemaliza darasa la sita mwaka huu. Huko kwao ndipo masomo ya msichana yanapokoma. Nilipomsimulia kwamba wengine husoma kwa siri majumbani, akaniuliza kama mwisho wake wanapewa cheti. Nikamwambia hawapewi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni masomo gani wanayosoma.