Somo: Nkamba, tangu kanisa lisilo na nyumba mpaka Hekalu

Masomo ya Biblia: Wafalme wa Kwanza 8, Hagai 1.

Wengi wetu tunasali katika nyumba za matofali mabichi, wengine chini ya mti, nasi tunachekwa: "Hamna nyumba, hamna kanisa." Basi tuangalie historia ya Nkamba, Yerusalemu Mpya yetu.

1. Wakati bila nyumba. Tarehe 6 Aprili 1921 Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya Mungu. Watu waliacha mashamba wakaenda Nkamba, wakasikiliza Neno nje, kwa sababu walikuwa wengi mno. Septemba ya mwaka ule serikali ya Wabelgiji ilimfunga. Alikaa gerezani miaka 30 katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafa huko tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini walisali kwa siri, Mama Mwilu Marie akiwaongoza. Historia yetu inahesabu jamaa 37.000 zilizohamishwa mbali na kwao. Ruhusa ya serikali ilitoka tarehe 24 Desemba 1959. Zaidi ya miaka 38, na kanisa halikufa!

2. Nyumba ya kaburi. Mwezi wa Aprili 1960 mwili wa Papa Simon ulirudishwa Nkamba, na ukajengewa nyumba ya kupumzikia. Hata leo tunakanyaga Nkamba bila viatu.

3. Hekalu. Lilijengwa tangu 1976, wakati wa Papa Diangienda Kuntima. Wababa, wamama na watoto walibeba mawe na mchanga kichwani. Fedha zilipatikana kwa nsinsani, yaani kushindana katika kutoa. Lilifunguliwa tarehe 6 Aprili 1981, lina nafasi 37.000. Tukumbuke hesabu ya jamaa zile.

Fundisho. Kanisa lilitangulia, nyumba ikafuata. Sulemani mwenyewe alikiri kwamba Mungu haenei ndani ya nyumba. Lakini tusijifiche nyuma ya umaskini: Hagai aliwakemea waliokaa vizuri kwao huku nyumba ya Mungu ikiwa imebomoka. Waliobeba mawe ya Nkamba hawakuwa matajiri.

Maulizo:
a) Wakihamishwa waamini wa parokia yetu leo, sala itaendelea?
b) Kila mmoja wetu ataleta jiwe gani?

Mungu awabariki.