NYUMBA NAFUU NI IPI?

Watu wengi tukisikia "nyumba nafuu" tunafikiri ni nyumba yenye kodi ndogo, basi. Lakini sivyo. Leo tujifunze kwa wenzetu wa Kariakoo, Dar es Salaam.

Nyumba ya Kiswahili

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918), Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, walioitwa Carrier Corps. Watu wakatamka Kariakoo. Baadaye wananchi walijenga hapo kwenye viwanja vilivyopimwa na mitaa iliyonyooka.

Walijenga nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza. Katikati kuna ukumbi mrefu, na kila upande vyumba vitatu. Nyuma ni uani, penye jiko, bafu na choo.

Nyumba hiyo ilifaa kwa sababu tatu. Kwanza, mtu alijenga kwa hatua. Alianza na miti na udongo. Akipata fedha, aliweka matofali na bati. Pili, mwenye nyumba alikaa humo humo na kupangisha vyumba vingine. Kodi ilimsaidia kula na kukarabati nyumba. Tatu, mpangaji alikwenda sokoni au kazini kwa miguu.

Kubomoa au kurekebisha?

Mwaka 1962 Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Katika miaka hiyo ya 1960 nyumba mbovu zilibomolewa, kwa mfano huko Magomeni, zikajengwa mpya. Nyumba mpya zilikuwa nzuri. Lakini ukibomoa moja na kujenga moja, je, umeongeza ngapi? Hata moja hukuongeza! Na gharama ni kubwa.

Kuanzia mwaka 1974 ilifuatwa njia nyingine, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja vyenye huduma, watu wajenge wenyewe. Manzese nyumba ziliachwa, zikaletwa barabara na maji.

Tufanye hesabu

Siku hizi nyumba nyingi za zamani za Kariakoo zimebomolewa, yamejengwa maghorofa ya biashara. Wapangaji wengi wamehamia mbali. Je, wamepata nafuu? Tuseme mama mmoja anauza mboga sokoni siku 26 kwa mwezi.

Akipanga karibu na soko:
Kodi sh. 60,000. Nauli hakuna.
Jumla sh. 60,000.

Akipanga mbali:
Kodi sh. 30,000.
Nauli sh. 2,000 kwa siku, mara 26, ni sh. 52,000.
Jumla sh. 82,000.

Umeona? Chumba cha kodi ndogo kimemgharimu sh. 22,000 zaidi. Tena anaondoka alfajiri na kurudi usiku, watoto wamekwisha lala.

Magomeni Kota

Hapo Magomeni, jirani na Kariakoo, nyumba za Kota zilibomolewa, na wakazi wakatawanyika. Walisubiri miaka mingi. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa mapya kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo. Jambo kubwa si ghorofa. Jambo kubwa ni kuwa watu walirudishwa pale pale walipozoea kupata riziki. Lakini miaka ile ya kusubiri hairudi. Kwa hiyo, kabla ya kubomoa, tuulizane kwanza: wenyewe watalala wapi?

Tukumbuke

Nyumba nafuu ni ile ambayo mtu anaweza kuijenga kwa hatua, kuitunza, na kuishi humo bila kukimbiwa na riziki yake. Hata kijijini ni hivyo. Pima kiwanja kwanza, acha njia, weka msingi imara. Vyumba utaongeza pole pole.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumba ya Kiswahili ilimsaidiaje mwenye nyumba? Na mpangaji je?
2. Kijana wako akipanga chumba mjini, atahesabu gharama gani zaidi ya kodi?
3. Kijijini kwenu, nyumba zipi zirekebishwe badala ya kubomolewa?