SOMO LA ROBO HII: Riwaya za Vijana Kuhusu Dunia Iliyoharibika



Somo la toleo hili linahusu vitabu ambavyo vijana wengi duniani wamevisoma au kuviona katika filamu. Ni riwaya zinazosimulia maisha baada ya vita kuu au maangamizi, au maisha chini ya watawala wanaodhibiti kila jambo. Huenda mtu akauliza, hadithi za kubuni zina uhusiano gani na miradi ya maendeleo? Uhusiano upo. Riwaya hizi huuliza maswali yale yale yanayofika mezani kwa kamati zetu: nani apewe chakula, nani aamue, na nani asikilizwe. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tuangalie mada nne zinazojirudia.

1. Njaa kama chombo cha utawala

Riwaya ya The Hunger Games ya Suzanne Collins, Mmarekani, ilitoka mwaka 2008. Inaeleza nchi iitwayo Panem, yenye mji mkuu tajiri na wilaya 12 zinazouhudumia. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, wapigane hadi abaki mmoja hai. Majina hupatikana kwa kura, lakini kura hiyo haiwi sawa kwa wote. Mtoto wa familia maskini anaweza kuongeza jina lake ili wapewe nafaka na mafuta kidogo ya mwaka. Katniss, msichana wa miaka 16, jina lake limo mara 20 kwa sababu analisha mama yake na mdogo wake. Mwenzake ambaye hakuhitaji chakula hicho, kwa umri huo huo, jina lake lingekuwamo mara 5 tu.

Hapa hatuna budi kujitazama. Huo ni msaada unaomdai maskini usalama wake. Sisi hatupigi kura ya kifo, lakini tukimtaka mjane asimame mbele ya kamera akilia ndipo apewe gunia la mahindi, tumemdai heshima yake. Tukitoa mbegu kwanza kwa jamaa wa mwenyekiti, tumeifanya njaa kuwa fimbo. Jambo hili linawahusu wanakamati wanaogawa na wafadhili wanaoomba picha.

2. Kumbukumbu iliyofutwa

Katika The Giver ya Lois Lowry (1993), kijana Jonas anaishi katika jamii isiyo na vita, njaa wala ugomvi. Lakini pia haina rangi, wala upendo wa kweli. Kumbukumbu zote za zamani amewekewa mzee mmoja, na wengine hawajui lolote. Jonas anapochaguliwa kuzipokea, anagundua kwamba wazee, na watoto wachanga walio dhaifu, wanaosemekana "kuachiliwa" kumbe huuawa kwa sindano.

Funzo ni kwamba jamii isiyokumbuka huweza kutenda uovu kwa lugha tamu. Mradi wa kisima unapoanza bila kuwauliza wazee kwa nini kile cha zamani kilikufa, fedha za wafadhili hupotea mara ya pili kwa sababu ile ile.

3. Ardhi na maji vilivyochafuliwa

Riwaya ya Z for Zachariah ya Robert C. O'Brien inamweleza Ann, msichana aliyebaki peke yake katika bonde lililosalimika baada ya vita vya nyuklia. Analima, anakamua ng'ombe, anatunza chakula. Anapotokea mwanamume msomi, hatari inageuka: mtu yule anataka kumtawala Ann na kila kilichomo bondeni. Naye Nancy Farmer, katika The Ear, the Eye and the Arm (1994), anaipeleka hadithi yake Zimbabwe ya mwaka 2194, ambako watoto wa jenerali wanatekwa na kufanyishwa kazi katika jalala kubwa lililofunika ardhi iliyotiwa sumu. Waandishi wote wawili wanaonyesha kwamba ardhi ikiharibika, wanaoumia kwanza ni watoto na wanyonge.

4. Kijana anayekataa

Katika hadithi zote hizi mwenye kuona ukweli ni kijana. Katniss anajitolea badala ya mdogo wake. Jonas anakimbia na mtoto mchanga ili kumwokoa. Ann anaondoka bondeni kutafuta watu wengine walio hai. Mafunzo hayo hayakubaki vitabuni: waliopinga mapinduzi ya kijeshi nchini Thailand mwaka 2014, na Myanmar mwaka 2021, walinyanyua vidole vitatu, ishara iliyotokana na hadithi ya Katniss.

Wako wazazi wanaoogopa vitabu hivi kwa sababu vina vifo vingi. Hofu hiyo ina msingi, na mtoto mdogo asiachwe navyo peke yake. Lakini kijana anayesoma habari za dhuluma huwa anatafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. Asipompata parokiani, atampata kwingine.

Neno la Mungu

Someni Mwanzo sura ya 4, ambapo Kaini anaulizwa habari za ndugu yake. Kumbukumbu la Torati sura ya 6, kuhusu kuwasimulia watoto yaliyopita. Na Yeremia sura ya 29, ambapo watu walio uhamishoni wanaagizwa kujenga nyumba na kupanda bustani. Maandiko hayafichi maangamizi, wala hayaishii hapo.

Maswali ya kujadili

1. Katika kamati yetu, maskini anatakiwa kutoa nini kabla ya kupewa msaada?
2. Ni mradi gani ulikufa hapa kwetu, na nani anakumbuka sababu zake?
3. Vijana wangapi wana sauti katika vikao vyetu, mbali na kubeba viti?
4. Mfadhili anaweza kujuaje kazi inavyoendelea bila kumwaibisha anayesaidiwa?

Tunashauri swali la kwanza lijibiwe na waliopokea msaada, wanakamati wakisikiliza.