Uvimbe baada ya ugonjwa wa kongosho

Swali: Daktari, mume wangu alilazwa wiki sita zilizopita kwa ugonjwa wa kongosho. Maumivu yalipungua, ila sasa amevimba juu ya kitovu na akila kidogo tu anashiba. Jirani asema atobolewe, maji yatoke. Tufanyeje? – Mama Achieno, Busia

Jibu: Pole, mama. Asitobolewe kabla ya picha. Kongosho likiumia, maji yake yenye kuyeyusha chakula huvuja, na baada ya wiki 4 hivi hujijengea ukuta. Ultrasaundi itauonyesha uvimbe huo. Lakini mara chache maji hayo hula mshipa wa damu ulio karibu, ukatuna. Sindano ikiugusa, mgonjwa anaweza kufa kwa kuvuja damu. Ndiyo maana hupigwa kwanza picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa.

Uvimbe wa maji usiosumbua huachwa, maana mwingi huisha wenyewe. Unaozuia chakula au wenye usaha hutolewa maji, mara nyingi kwa kuyafungulia njia ya kuingia kwenye tumbo la chakula. Mshipa uliotuna huzibwa kutoka ndani.

Anzeni hospitali ya rufaa ya kaunti, muombe barua ya kwenda Kisumu au Eldoret. Wasomaji wa Tororo, Uganda, huelekea Mbale. Akitapika damu, akipata choo cheusi, homa au kizunguzungu, msingoje asubuhi. Chang'aa na waragi aache kabisa, na mawe ya nyongo yachunguzwe.